Mwendo Salama na Matumizi ya Mafuta kwa Dereva wa Ambulensi: Mwongozo Kamili

Kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika 7 na nusu. Ukienda kwa 100 unafika kwa dakika 6, na kwa 120 dakika 5. Kwa hiyo kutoka 80 hadi 120 umeokoa dakika mbili na nusu, tena iwapo barabara ni tupu, haina kona, matuta wala mtu anayevuka. Gharama yake ni hii: nguvu ya mwendo ambayo breki zitapaswa kuimaliza utakapotaka kusimama imezidi mara mbili, na kazi ambayo injini hufanya kila sekunde kusukuma hewa iliyo mbele ya gari imezidi mara tatu. Ambulensi nyingi zina umbo la sanduku, paa refu na taa juu yake, kwa hiyo hewa huzipinga kuliko gari dogo.

Mwongozo huu ni wa dereva wa ambulensi na wa anayemsimamia. Nimeupanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu kupokea gari hadi kuandika daftari. Ninaloamini, na ambalo hesabu zinalithibitisha, ni kwamba dakika nyingi za mgonjwa huokolewa wakati mguu hauko kwenye mafuta kabisa: katika kutoka kituoni, kuchagua njia, kumpakia mgonjwa na kutolazimika kusimama. Dereva anayezitunza dakika hizo hahitaji kukimbiza gari, na mafuta yake hudumu.

Hatua ya 1: Andaa gari mwanzoni mwa zamu

Anza na matairi, kabla gari halijatembea na matairi yakiwa baridi. Kipimo cha upepo kiwe chako, usitegemee jicho. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, na tumia ule wa gari lenye mzigo kamili, kwa sababu ambulensi haiwi tupu kamwe: ina machela, mitungi ya oksijeni, betri za ziada, vifaa na watu. Tairi lenye upepo pungufu hula mafuta, hupata joto na huchelewesha usukani pale unapouhitaji haraka. Kagua pia mifereji ya tairi. Iliyolika haiwezi kutoa maji chini ya gurudumu, na kwenye mvua gari huteleza juu ya maji hata kwa mwendo ambao wakati wa kiangazi ungeuona wa kawaida.

Kisha tangi. Kanuni ninayoitetea ni nusu tangi: mshale ukifika nusu, gari linajazwa mara tu linapokuwa huru. Kujaza mafuta ukiwa na mgonjwa nyuma ni kumwibia muda, na ni hatari pia, maana kuna oksijeni, umeme na mvuke wa mafuta mahali pamoja. Ukijaza, zima injini na funga oksijeni. Thibitisha mpira unaoingizwa ni wa dizeli au petroli kulingana na gari lako. Ikitokea petroli imeingia kwenye gari la dizeli, usiwashe injini hata kidogo; gari livutwe, tangi limwagwe.

Kama gari ni la dizeli na filta yake ina sehemu ya kukusanya maji, ifungue umwage kwa ratiba anayoshauri fundi. Maji ndani ya dizeli huharibu pampu na nozeli (vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini), na dalili za mwanzo ni gari kukosa nguvu mlimani. Magari mapya ya dizeli hutumia pia kimiminika cha urea kusafisha moshi. Kikikauka, mengi hupunguza nguvu ya injini au hukataa kuwaka tena. Kwa gari la kawaida hilo ni usumbufu. Kwa ambulensi ni mgonjwa aliyekosa usafiri.

Mwisho, punguza mizigo isiyo na kazi. Machela mbovu iliyosahauliwa, maboksi ya dawa zilizopitwa na muda, tairi bovu la pili: vyote hivyo vinabebwa kila kilomita, na siku ya ajali vinaruka.

Hatua ya 2: Okoa dakika kabla gurudumu halijazunguka

Ambulensi inayochukua dakika 4 kutoka kituoni baada ya simu kupokelewa haiwezi kuzirudisha dakika hizo barabarani bila kuhatarisha watu. Funguo zikae mahali pamoja, gari liegeshwe likiangalia nje, viatu viwe miguuni. Mhudumu na dereva wagawane kazi: mmoja anachukua maelezo, mwingine anawasha gari na kuangalia njia.

Usiondoke bila kujua mambo matatu: unakwenda wapi hasa, kuna alama gani karibu na pale, na nani atakupokea njiani. Ukikosa hayo utazunguka mitaa ukiuliza, na huko ndiko mafuta na dakika hupotelea pamoja. Omba mtu asimame barabarani na simu mkononi.

Njia fupi si lazima iwe ya haraka. Kilomita 6 katikati ya msongamano kwa wastani wa 20 ni dakika 18. Kilomita 9 za njia ya pembeni kwa wastani wa 45 ni dakika 12. Na gari linalotembea mfululizo kwa 45 hutumia mafuta kwa busara kuliko linalosukumwa na kusimamishwa kila mita 50. Mratibu wa simu za dharura akikaa na ramani ya mahali penye ujenzi, reli na misongamano ya kila siku, anamsaidia mgonjwa kuliko dereva hodari yeyote.

Hatua ya 3: Amua kama wito unahitaji king'ora

Kuna hali ambazo dakika ni uhai. Moyo uliosimama, bila kukandamizwa kifua wala mshtuko wa umeme, hupoteza takribani asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona kila dakika. Njia ya hewa iliyoziba, damu inayotoka bila kuzuilika, kiharusi na uzazi uliokwama pia ni vya haraka. Lakini safari nyingi za ambulensi haziko hivyo. Mgonjwa anayehamishwa akiwa ametulia, anayerudishwa nyumbani, anayekwenda kupigwa picha: hawa hawahitaji king'ora wala kuvunja sheria.

King'ora chenyewe huokoa muda mdogo kuliko kelele zake. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 katika mji wa Greenville, jimbo la North Carolina, ambulensi zilizobeba wagonjwa kwa taa na king'ora zilifika mapema kwa wastani wa sekunde 43.5 tu kuliko zilizokwenda kawaida. Upande wa hatari, takwimu za nchi hiyohiyo za mwaka 2016 zilionyesha kwamba ambulensi zilizobeba wagonjwa bila taa na king'ora zilipata ajali 7.0 kwa kila safari 100,000, na zilizotumia taa na king'ora zilipata 17.1. Hapo si suala la kwenda kwa mgonjwa; ni safari ambayo mgonjwa tayari yuko ndani.

Kwa hiyo weka utaratibu: mhudumu aliye na mgonjwa ndiye anayesema kama safari ya hospitali ni ya dharura, na dereva ndiye anayesema mwendo gani barabara inaruhusu. Ndugu wa mgonjwa asipewe nafasi ya kuamua lolote kati ya hayo. Atapiga kelele, "Kimbiza!", na ana haki ya kuogopa, lakini mjibu kwa upole kwamba mnakwenda kwa mwendo ambao mhudumu anaweza kumtibu mgonjwa.

Hatua ya 4: Chagua mwendo kwa umbali unaouona

Hapa ndipo penye kiini cha udereva huu, na naomba usome hesabu zake polepole. Chukua sekunde moja na nusu za kuona hatari na kuhamisha mguu, kisha breki kali kwenye lami kavu, gari likiwa zima. Kwa mwendo wa 50 utasimama baada ya mita 35 hivi. Kwa 80 ni mita 68. Kwa 100 ni mita 97. Kwa 120 ni mita 129. Kwenye lami yenye maji, ile 80 hukaribia mita 95.

Lakini breki kali ni ya gari lisilo na mtu nyuma. Mhudumu aliyeinama juu ya mgonjwa na sindano mkononi hawezi kuistahimili. Breki ya upole, ambayo mtu aliyekaa nyuma haimwangushi, ni chini ya theluthi moja ya ile kali. Kwa breki hiyo, bila kuhesabu mita zinazopita wakati wa kutambua hatari, gari la mwendo wa 50 linahitaji mita 48 kusimama, la 80 mita 123, na la 100 mita 193. Kwa hiyo swali la dereva aliyebeba mgonjwa ni hili: naona mita ngapi mbele zilizo wazi, na je, nikilazimika kusimama ndani ya mita hizo, nitasimama kwa upole? Jibu likiwa hapana, mwendo ni mkubwa, hata kama sheria inakuruhusu.

Usiku hesabu hubana zaidi. Taa zikiwa zimeinamishwa humulika barabara kwa mita 40 hadi 60 tu. Linganisha na mita 68 za breki kali kwa mwendo wa 80: ina maana mtu aliyelala barabarani au gari lililoharibika bila taa utalikuta baada ya nafasi ya kusimama kwisha. Kwenye barabara isiyo na taa, ukiwa umeinamisha mwanga kwa ajili ya wanaokuja, shuka hadi 60 au chini yake. Vumbi, ukungu na moshi vipimwe vivyo hivyo.

Penye watu wengi sina huruma kabisa. Shule, soko, kituo cha abiria, magari yaliyoegeshwa pande zote: 30. Hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Ukilazimika kupita upande wa magari yanayokuja, usizidi 30 hadi 40, na usiingie huko kabisa kama huoni mwisho wa foleni unayoipita.

Nchi nyingi humruhusu dereva wa ambulensi kuzidi kikomo cha mwendo akiwa kwenye dharura. Uingereza, kwa mfano, imefanya hivyo katika Sheria ya Udhibiti wa Usafiri Barabarani ya mwaka 1984. Ruhusa hiyo haimwondolei dereva wajibu wa kuendesha kwa uangalifu. Akigonga mtu, atajibu. Soma sheria ya nchi yako na kanuni za mwajiri wako, kisha chukua iliyo kali zaidi.

Hatua ya 5: Makutano

Yapite makutano kila mara kana kwamba hakuna aliyekusikia. Gari lenye vioo vilivyofungwa na muziki ndani hukusikia likiwa karibu sana, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo sauti ya king'ora inavyokutangulia kwa muda mfupi zaidi. Badili mlio mita kadhaa kabla ya makutano, toa mguu kwenye mafuta mapema, gari lipunguze lenyewe. Taa ikiwa nyekundu, simama kabisa. Kisha ingia polepole na uvuke njia moja baada ya nyingine: angalia macho ya dereva wa njia ya kwanza, hakikisha amesimama, ndipo usogee ya pili. Gari refu lililosimama kukupisha linaweza kuficha pikipiki inayopita ubavuni mwake.

Zikiwa gari mbili za dharura, acha nafasi kubwa kati yenu na tumieni milio tofauti. Watu huisikia moja, wakaipisha, wakadhani yamekwisha, wakaingia barabarani mbele ya ya pili.

Hatua ya 6: Mgonjwa akiwa nyuma

Kwa kawaida mgonjwa hulazwa kichwa kikielekea mbele. Ukikanyaga breki ghafla, damu husukumwa kuelekea kichwani. Aliyeumia ubongo hilo humzidishia presha mahali isipotakiwa. Ukiondoka kwa nguvu, damu hurudi miguuni, na aliyepoteza damu nyingi huenda akazidiwa. Aliyevunjika mgongo au nyonga husikia kila tuta. Mtoto mchanga kwenye kisanduku cha joto (inkubeta) husumbuliwa na mtikisiko na kelele. Mhudumu anayekandamiza kifua, gari likiyumba, mikono yake hupoteza kina na mpigo. Mguu wako kwenye pedali ni sehemu ya matibabu.

Kona zina hesabu yake. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, kwa mwendo wa 40, mhudumu wa kilo 80 husukumwa pembeni kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Kwa mwendo wa 60 kwenye kona hiyohiyo nguvu inafika kilo 45, na hakuna anayeweza kutafuta mshipa akisukumwa hivyo. Ambulensi nayo imebeba uzito wake juu, ni rahisi kupinduka. Punguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Ndani ya kona shikilia mwendo mmoja. Ongeza taratibu usukani unaponyooka.

Ongea na mhudumu. "Kona kushoto." "Tuta." "Nasimama." Naye akisema anaweka dripu, mpe barabara iliyonyooka au simama pembeni nusu dakika. Na wote wafunge mikanda kila inapowezekana. Katika ajali za ambulensi zilizochunguzwa kwa kina na wakala wa usalama barabarani wa Marekani, asilimia 84 ya wahudumu waliokuwa nyuma hawakuwa wamefunga. Mgonjwa naye afungwe mikanda ya mabega pamoja na ya miguu na kiuno, kwa sababu bila ya mabega huteleza kwenda mbele machela ikibaki.

Hatua ya 7: Endesha kwa kuhifadhi mwendo

Kila unaposimamisha gari la tani 3.5 kutoka mwendo wa 80, unageuza kuwa joto la breki nguvu iliyogharimu takribani mililita 80 za dizeli. Mara kumi na mbili kama hizo ni karibu lita nzima. Kutoka 50 ni mililita 30 hivi. Hapa usalama na mafuta vinakutana: dereva anayetazama mbali, anayeona foleni mapema na kutoa mguu kwenye mafuta badala ya kukimbilia kwenye breki, hutumia mafuta kidogo, hula breki kidogo na humlaza mgonjwa vizuri.

Acha nafasi ya sekunde 4 nyuma ya gari la mbele, zaidi kukiwa na maji. Panda gia mapema, usizungushe injini bila sababu. Kwenye mteremko shuka kwa gia, mguu ukiwa nje ya mafuta. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa katika hali hiyo, ilhali ukiweka nyutro zinaendelea kunywa na unapoteza msaada wa injini katika kushikilia gari. Nyutro mteremkoni isiwepo kabisa katika kazi hii.

Hatua ya 8: Gari likisimama eneo la tukio

Injini ya dizeli ya ambulensi inayounguruma bila gari kutembea hunywa takribani lita moja kwa saa, na zaidi kiyoyozi, taa na vifaa vikiwa vimewashwa. Wakati mwingine haiepukiki: taa zinalinda watu barabarani, kiyoyozi kinamlinda mgonjwa. Lakini kusubiri mlangoni mwa hospitali saa nzima injini ikiwaka si lazima. Kama gari lina sehemu ya kuchomeka umeme wa nje, litumie kituoni kuchaji betri na vifaa. Kuunguruma kwa muda mrefu pia huziba chujio la masizi kwenye dizeli za kisasa, na taa yake ikiwaka kwenye dashibodi, fuata kitabu cha gari. Mara nyingi kinataka safari ya mwendo wa wastani usiokatizwa.

Hatua ya 9: Panga safari ndefu ya rufaa

Safari ya kilomita 180 kwenda na 180 kurudi ni kilomita 360. Gari linalokwenda kilomita 7 kwa lita litatumia lita 51 na nusu. Ongeza lita 4 za kusubiri, kisha robo ya jumla kama akiba: unahitaji lita 70 hivi. Gari hilohilo likikimbizwa hadi kushuka kilomita 5.5 kwa lita, litataka zaidi ya lita 65 za barabarani peke yake, na akiba yako yote imekaribia kwisha.

Sitasema kwamba mwendo hauna maana katika safari kama hii. Kilomita 180 kwa wastani wa 90 ni saa mbili. Kwa wastani wa 110 ni saa moja na dakika 38. Dakika 22 ni nyingi. Ila wastani wa 110 unamaanisha vipande vya 130 na zaidi, na kusimama mara moja kujaza mafuta kunaweza kula robo saa ya hizo. Jaza tangi kabla ya kumpakia, piga simu hospitali inayopokea ili kitanda kiwe tayari, na baada ya saa mbili za usukani mpishe mwenzako kama yupo. Uchovu huirefusha ile sekunde moja na nusu ya kuitikia bila wewe kujua.

Hatua ya 10: Daftari la mafuta

Jaza hadi tangi lijae, andika kilomita za dashibodi. Ukijaza tena hadi lijae, gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Kilomita 420 kwa lita 60 ni kilomita 7 kwa lita. Andika pia saa ambazo injini iliwaka gari likiwa limesimama, kwa sababu bila hizo msimamizi humwonea dereva. Kama katika kipindi hicho kulikuwa na saa 10 za kuunguruma zilizotumia lita 12, barabarani zilitumika lita 48, na wastani halisi ni kilomita 8.75 kwa lita. Dereva huyo anaendesha vizuri. Kinachotakiwa kushughulikiwa ni kusubiri kwenye milango ya hospitali.

Linganisha gari na lenyewe, wiki kwa wiki, usilinganishe gari la milimani na la tambarare. Wastani ukishuka ghafla, anza na upepo wa matairi, kisha breki zinazong'ang'ania, filta ya hewa na nozeli, halafu angalia kama kuna mafuta yanayovuja au yanayotolewa. Hayo yote yakiwa sawa, kaa na dereva kwenye gari safari moja na utazame mguu wake.